Paa na Sakafu: Kutoka Msikiti wa Madina Hata Ghala la Tunduma

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu (S.W.T.), Aliyeiinua mbingu ikawa dari juu yetu, Akaitandaza ardhi ikawa busati chini yetu. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baad. Ndugu wasomaji, huenda baadhi yenu mtashangaa kuona mwalimu wa chuo ameacha mas'ala ya Sala na Saumu, akashika kalamu kuandika habari za mabati, makuti na saruji. Nawaomba msinihukumu upesi. Mas'ala haya yamenipata mimi mwenyewe. Yalinigharimu mahindi ya mayatima, na karibu yangenigharimu zaidi ya hayo. Mimi ni mzaliwa wa Pangani, lakini kazi ya kusomesha ilinifikisha Tunduma, mpakani mwa Tanzania na Zambia, mkoa wa Songwe. Huko ndiko nilikojifunza kwamba banda dogo la uani laweza kumtia mtu hesabuni mbele ya Mola wake. Basi nimeona kheri nianze na historia, kwani asiyejua alikotoka paa lake na sakafu yake hawezi kuchagua vema, kisha nitakieleza kisa changu bila ya kuficha.

Neno moja, maana mbili

Neno letu sakafu tumelipokea kutoka Kiarabu, saqf. Lakini Mwarabu akisema saqf hakusudii pale anapokanyaga, bali kile kilicho juu ya kichwa chake, yaani paa au dari. Katika Qur'ani Tukufu, Sura ya Al-Anbiyaa, mbingu imetajwa kwa neno hilo hilo, kuwa ni paa lililohifadhiwa. Imekuwaje basi sisi watu wa pwani tuliteremshe neno la juu hata likawa la chini?

Jawabu limo katika nyumba zetu za mawe. Katika nyumba ya ghorofa ya Unguja, Lamu au Pangani, lile tabaka la mawe na chokaa lililolazwa juu ya boriti ni dari kwa aliye chini, na kwa aliye juu ni mahali pa kutandika mkeka wake. Paa la mmoja ni sakafu ya mwingine. Nakuombeni mliweke neno hili moyoni, kwani mwisho wa makala haya tutalirudia.

Msikiti wa Mtume (S.A.W.)

Mtume (S.A.W.) alipohamia Madina, mwaka 622 kwa hesabu ya Kizungu, jengo alilolishughulikia kwa mikono yake lilikuwa msikiti. Kuta zake zilikuwa za matofali mabichi ya udongo, nguzo zake magogo ya mitende, na paa lake makuti ya mtende. Sakafu yake ilikuwa ardhi tupu. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba usiku mmoja wa Ramadhani mvua ilinyesha na paa likavuja, na asubuhi yake watu wakaona alama ya maji na tope katika kipaji cha uso mtukufu wa Mtume (S.A.W.). Fikirini, ndugu zangu: kiumbe bora kuliko wote alisujudu topeni, na Sala yake haikupungua kitu.

Lakini msidhani ya kwamba tope lilipendwa kwa kuwa ni tope. Amepokea Abu Daud kwa Ibn Umar (R.A.) kwamba usiku mmoja mvua ilinyesha ardhi ikalowa, akaja mtu amebeba changarawe katika nguo yake akazitandaza chini yake ili apate kusali. Mtume (S.A.W.) alipomaliza Sala aliusifu uzuri wa jambo lile. Basi tangu hapo tunajua kwamba kuitengeneza sakafu kwa haja yake si anasa.

Kisha Sayyidna Umar (R.A.) aliupanua msikiti kwa vifaa vile vile vya awali. Alimwamuru mjenzi awakinge watu na mvua, akamkataza rangi nyekundu na za manjano zisije zikawashughulisha wenye kusali. Sayyidna Uthman (R.A.) naye, katika mwaka wa 29 wa Hijra, aliujenga kwa mawe yaliyochongwa na chokaa, akauezeka kwa msaji. Hakuna aliyepingana na mwenziwe. Kila mmoja alitazama haja ya zama zake na uwezo wake. Kanuni tunayoipata ni hii: kwanza kinga, kisha uimara, na pambo likija lije mwisho na lisimpotezee mtu moyo wake.

Pwani yetu

Msafiri mashuhuri Ibn Battuta alifika pwani yetu mwaka 1331. Mombasa aliona misikiti ya mbao iliyojengwa vizuri, na milangoni visima vya maji. Watu walitembea miguu mitupu, wakaosha miguu kabla ya kuingia, na mlangoni palikuwa na kipande cha mkeka mzito cha kujifutia. Hapo twaona wazee wetu walivyoiheshimu sakafu yao. Alipofika Kilwa aliusifu mji kwa uzuri wake, akaandika kwamba nyumba zake ni za mbao na mapaa yake ni ya majani, na kwamba mvua huko ni nyingi. Leo tukienda Kilwa Kisiwani twaona magofu ya mawe na kuba za Msikiti Mkuu, tukadhani wote waliishi hivyo. La. Mawe yamebaki kwa sababu ni mawe. Watu wengi waliishi chini ya majani.

Nyumba ya mawe ilikuwa na kazi kubwa. Matumbawe yalichomwa juu ya magogo ili kupata chokaa. Boriti za mikandaa zilikatwa katika delta ya Rufiji na vijito vya Lamu, na majahazi yakazipeleka hata Omani na Ghuba ya Uajemi. Kwa kuwa boriti hizo fupi hazifai kuvuka upana mkubwa, vyumba vyetu vya zamani ni vyembamba, haviipiti sana mita 3, hata kama ni virefu. Juu yake hulazwa mawe na chokaa, kisha sakafu hupigwa kwa vijiti siku kadha wa kadha, watu wakiimba, mpaka ishikane. Wengi wa waliopiga sakafu hizo walikuwa watumwa, na si haki kuisifu kazi tukawasahau waliofanya.

Nyumba ya udongo nayo ilikuwa na elimu yake: nguzo, fito, kombamoyo, mtambaapanya, na makuti ya viungo yaliyoshonwa na akina mama. Makuti hupumua. Jua la mchana halikuchomi chini yake, na jasho la usiku halikudondokei. Adui zake ni moto, panya na umri, kwani baada ya miaka michache hutaka kuezekwa upya. Maskini wa mjini, Dar es Salaam na Unguja, walipokosa makuti walipasua madebe ya mafuta ya taa, wakayanyosha, wakaezekea. Mzee wangu mmoja akisema, debe lilianza kwa kubeba mafuta, likabeba maji, likamaliza kwa kumbeba mwenye nyumba.

Safari ya bati

Bati la mikunjo lilibuniwa London. Mhandisi Henry Robinson Palmer alipata hati yake mwaka 1829, naye alikuwa akitafuta paa la mabohari ya bandarini. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata njia ya kulivisha chuma zinki ili kisishikwe na kutu upesi. Kwa hiyo bati tangu kuzaliwa kwake ni paa la ghala, paa la mali. Lilipofika pwani yetu, wenye nyumba za mawe za Unguja waliliweka juu ya mapaa yao ya chokaa yaliyokuwa tambarare na yenye kuvuja. Saruji nayo, iliyopewa hati Uingereza na Joseph Aspdin mwaka 1824, ikaja kuichukua kazi ya chokaa.

Bara mambo yalichukua muda zaidi. Katika nyanda hizi za Mbozi na Tunduma wamekaa Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na wengineo. Wanyiha walijulikana kwa kuyeyusha chuma na kufua majembe. Mapaa yao yalikuwa ya nyasi, na moshi wa jikoni uliyakausha na kuwafukuza wadudu. Nafaka yao waliiweka katika vihenge vilivyoinuliwa juu ya mawe au magogo, visiguse ardhi. Katika karne ya 19 misafara ya watu wetu wa pwani ilizipita nchi hizi kutafuta pembe, na pia, Mwenyezi Mungu atusamehe, wanadamu. Kisha Wadachi wakaja, na kuanzia mwaka 1898 nyumba yenyewe, hata iwe ya majani, ikalipiwa kodi.

Mlango wa mabati ulifunguka hasa barabara kuu ya Zambia ilipotiwa lami, na reli ya TAZARA, iliyoanza kujengwa mwaka 1970 na kukamilika mwaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi, ilipopita Tunduma. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill kilikuwa kimekwisha kuanza kazi mwaka 1966, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 kikapatikana kingine katika bonde la Songwe, upande wa Mbeya. Mwaka 1977 Mwalimu Nyerere, akipima miaka 10 ya Azimio la Arusha, aliwalaumu wananchi kwamba wamelewa bati na saruji, ambayo aliiita udongo wa Ulaya, hata wanakaa wakingojea vitu hivyo ilhali udongo wa kuchomea matofali na vigae uko miguuni mwao. Maneno hayo yana ukweli. Lakini tanuri la matofali nalo hula miti, na vilima vya Songwe vimekwisha kuonyesha upara. Kila paa lina bei yake, na si bei zote hulipwa dukani.

Ghala letu

Sasa nakuja kwenye kisa changu. Chuo chetu kina wanafunzi wa kulala, na miongoni mwao wamo mayatima. Wakulima Waislamu wa vijiji vya jirani hutuletea zaka ya mazao, sehemu moja katika kumi kwa shamba linalonyweshewa na mvua. Mwaka 2019 mavuno yalikuwa mema, tukapata magunia 22 ya mahindi, nasi tukaamua kujenga ghala uani.

Fedha zetu zilikuwa kidogo, na hapo ndipo nilipokosea. Mwezi huo huo tulikuwa tukitengeneza baraza ya mbele, pale wanapokaa wageni. Nikaamuru baraza itiwe marumaru zenye kung'aa. Ghala likabaki na sakafu ya udongo uliopondwa. Fundi alinambia, "Maalim, tuweke walau mawe na zege." Nikamjibu, "Mahindi hayana macho, fundi. Wageni wanayo." Jibu hilo lanichoma hata leo.

Mabati tuliyanunua katika duka moja, nami sitalitaja. Tuliuziwa kwa bei ya geji 28. Wasiojua na wajue: katika mabati namba ikipanda unene hupungua, basi geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Baadaye fundi mwingine alipoyapima alituambia ni geji 32. Muuzaji alikuwa ametuuzia namba, hakutuuzia chuma. Na wale vijana wetu walioezeka waligonga misumari katika mabonde ya bati badala ya migongoni, na maji, kama mjuavyo, hupita mabondeni.

Tunduma si Pangani. Mji uko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mvua huanza Novemba hata Aprili bila ya kupumzika sana. Usiku ni baridi. Pumzi ya joto ya magunia ikipanda na kulikuta bati baridi, hugeuka maji, na bati likatoa jasho, likadondoka juu ya magunia hata siku isiyo na mvua. Chini nako udongo ulinyonya maji ya ardhi kama utambi unyonyavyo mafuta. Februari 2020 tulipofungua magunia ya chini tulikuta mahindi yameshikana, yana ukungu wa kijani na wa manjano. Magunia 9 yaliharibika.

Nikakaa nikawaza, na waswasi ukanijia. Mfanyabiashara mmoja akatoa bei ili ayachanganye na mahindi mazuri, ayasage, ayauze ng'ambo ya mpaka. Mwingine akasema tuyachambue, tuyaoshe na kuyaanika, mayatima hawatajua. Mwingine akashauri tuwape kuku. Nami, nikiikumbuka ile khasara, nilikuwa karibu kukubali.

Jirani yetu, bibi mmoja wa Kinyiha, si Mwislamu, alikuja kutupa pole. Aliingia ghalani akatazama chini, hakutazama magunia. Akasema, "Shehe, kwetu chakula hakilazwi chini. Anayelazwa chini ni maiti." Kisha akaniuliza, "Haya ni yako, au ni ya wale watoto?"

Swali lake lilinirudisha kwenye hadithi niliyoisomesha mara nyingi. Mtume (S.A.W.) alipita sokoni kwa muuza nafaka, akaingiza mkono ndani ya fungu, vidole vyake vikakuta umajimaji. Muuzaji akasema ni mvua iliyoipata. Mtume akamuuliza kwa nini hakuiweka juu watu wakaiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi si katika sisi. Subhanallah! Hadithi hiyo ni ya nafaka iliyolowa, nami nilikuwa nimesimama mbele ya nafaka iliyolowa, nikitafuta udhuru.

Wala jambo hili si la ladha na harufu tu. Ukungu wa aina hiyo waweza kuleta sumukuvu, sumu ambayo haiondoki kwa kuosha wala kwa kupika, na ambayo ikizidi huharibu ini. Kenya, mwaka 2004, katika nchi za Makueni na Kitui watu 317 waliugua na 125 wakafariki, na uchunguzi ulionyesha lawama ya mahindi yaliyowekwa na unyevu ndani ya nyumba. Kwetu Tanzania, mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafariki 20. Kuku na ng'ombe wakilishwa, sumu huweza kurudi kwetu kwa mayai na maziwa. Basi tulichimba shimo tukayafukia.

Ikabaki hukumu yangu mimi. Wanazuoni wamesema mwenye kuwekewa amana halipi ikipotea bila ya kosa lake, lakini akizembea atalipa. Nikajiuliza: je, sikuambiwa na fundi? Niliambiwa. Nikayalipa magunia 9 kutoka mfukoni mwangu, kidogo kidogo, kwa mavuno mawili. Ama mwenye duka, nilimwendea kwa siri nikamsomea Suratul Mutaffifin, inayowaonya wapunjao vipimo. Nikamwambia geji nayo ni kipimo kama pishi. Alinyamaza. Hakunirudishia fedha. Shauri lake liko kwa Mola wake, na langu pia.

Banda lifaalo

Ghala tulilijenga upya, na haya nawaeleza hasa akina mama, kwani nyinyi ndio walinzi wa chakula cha nyumba.

Sakafu tuliinyanyua juu ya ardhi kiasi cha goti. Tuliweka mawe, tukayashindilia, tukatandika karatasi ngumu ya nailoni kuzuia maji ya chini, ndipo juu yake zege: ndoo 1 ya saruji, 2 za mchanga, 4 za kokoto. Juu ya zege tukaweka chaga za mbao, na magunia tukayatenga na ukuta kiasi cha mtu kupita. Paa tuliliezeka kwa bati nene, misumari migongoni, mapaa yakatokeza mbele ya kuta. Chini ya bati tukaweka dari ya mianzi ili jasho lisidondoke, na juu ya kuta tukaacha matundu yenye wavu wa chuma, upepo uingie na panya wasiingie.

Nyinyi mlioko pwani, hewa ya chumvi hula bati upesi, na makuti yangalipo. Banda la kukalia kivulini, makuti yafaa sana. Banda la jiko, ogopeni moto. Na yale mabati ya zamani ya simenti yenye asbesto, yakitolewa katika nyumba kuu, msiyavunje wala msiezekee banda la mbuzi: vumbi lake huleta saratani ya mapafu, na nchi nyingi zimekwisha kuyapiga marufuku.

Na kabla ya kuweka mahindi, jaribuni hivi: tieni punje chache na chumvi kavu katika chupa kavu, mtikise, muache kidogo. Chumvi ikishika kioo, mahindi bado yana maji, yarudisheni juani.

Mazingatio

Ndugu zangu, nilisema paa la mmoja ni sakafu ya mwingine. Marumaru ya baraza yangu ilikuwa juu ya nini? Ilikuwa juu ya mahindi ya yatima, hata kama nilidhani iko juu ya saruji. Katika Sura ya Al-Baqara tumekatazwa kukusudia kilicho kibaya tukakitoa sadaka, ilhali sisi wenyewe tusingekipokea ila kwa kufumba macho. Nami naona hilo lahusu pia mahali tunapoiweka sadaka ya wengine. Tazameni nyumba zenu. Tazameni sakafu ya sebuleni, kisha nendeni uani mkaitazame sakafu ya ghala, ya banda la kuku, ya chumba cha mtumishi. Tofauti mtakayoiona ndiyo mtakayoulizwa.

Baraza yetu ya marumaru ingalipo. Sikuibomoa, kwani kuibomoa kungekuwa israfu juu ya israfu. Lakini mgeni akija na kuisifu, mimi humshika mkono nikampeleka kwanza uani akalione ghala. Yule bibi jirani naye alikuja kulitazama lilipokwisha. Alivua viatu, akakanyaga zege, akapiga chaga kwa kiganja, akasema, "Sasa watoto wamelala juu."

Tunamwomba Mwenyezi Mungu Atukinge na ghushi ya kuuza na ghushi ya kutunza, Azifanye nyumba zetu ziwe utulivu kwetu na amana zetu ziwe salama chini ya mapaa yetu. Wabillahi taufiq.